Chumba Dubai, Ugomvi Mbagala

Kwetu mtu hachagui pa kulala. Ukienda Tanga unafikia kwa shangazi, ukienda Mwanza unafikia kwa shemeji, ukienda Morogoro unafikia kwa yule mliyesoma naye ambaye hata shuleni hamkupatana. Mwenyeji ndiye anayejua kama utalala na watoto au utasubiri taarifa ya habari iishe utandikiwe godoro sebuleni. Kazi yako wewe ni kubeba sukari kilo mbili na kusema, "Hapa hapa panatosha, msijisumbue." Nimeishi hivyo mpaka mvi zimeniota, na hajatokea binadamu wa kuniuliza kama nataka kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo.

Sasa mke wangu zamu yake ya upatu imefika. Kijumbe kaleta hela yote, haina hata noti iliyopungua, nami nikajua moja kwa moja kwamba tunabadilisha bati. Bati? Mama Nasra kasema anataka kwenda Dubai kutembea, maana tangu tuoane sijampeleka popote pasipo na msiba au harusi. Kutembea tu. Huko kutembea tu kuna daftari la oda za majirani, kuanzia abaya mpaka blenda, lakini hilo tuliache. Hela ni yake, tiketi kakata yeye, mimi nimeachiwa kazi ndogo: "Baba Nasra, wewe tafuta tu pa kulala." Tu!

Nasra akaniwekea programu ya hoteli kwenye simu. Nikaandika Dubai, nikidhani italeta Dubai. Ikaleta mji ambao umejilaza ufukweni hata hujui miguu iko wapi. Kutoka Deira, mji wa zamani, mpaka Marina kwenye yale maghorofa ya kwenye picha, ni kilomita zaidi ya 30. Kwa hapa kwetu umetoka Posta na unaanza kuitafuta Kibaha. Hoteli zote hizo zimeandikwa "Dubai, mahali pazuri sana." Pazuri kwa nani? Kwa anayekwenda wapi?

Halafu picha. Mpiga picha wa hoteli, nahisi, hupandishwa juu ya kabati akabanwa kwenye pembe ya dari, maana chumba kinatoka kipana mpaka unajiuliza watu humo wanaitanaje. Chini yake wameandika kwa herufi za kujificha: mita za mraba 18. Mimi mita za mraba nazijulia wapi? Nikaenda kuazima futi kwa fundi selemala, nikarudi kupima chumba chetu cha kulala. Mama Nasra kaingia kanikuta nimepiga magoti kwenye kona, futi mdomoni, akauliza kama tunahama. Hesabu ikaonyesha futi kumi kwa kumi zetu ni mita za mraba 9 na kidogo. Kumbe miaka yote hii tunalala kwenye nusu ya chumba cha hoteli ya bei rahisi! Mama Nasra alininunia mpaka jioni, wakati nyumba kajenga baba yangu. Jioni Nasra akatuokoa: zile 18 ni pamoja na bafu, kabati, kijia cha mlangoni na mahali pa kufungulia mlango wenyewe. Toa hivyo, weka kitanda cha tano kwa sita, weka mabegi mawili ya watu wenye daftari la oda. Mtu mmoja itabidi asimame.

Mama Nasra yeye alikuwa na sharti moja: "Palipo na mnara." Yaani Burj Khalifa. Sasa lile ghorofa lina mita 828, tangu lifunguliwe mwaka 2010 halijatokea la kulipita, hivyo hoteli gani isiyoliona? Ile ya Deira imeandika kwamba ina mandhari ya Burj Khalifa. Ile ya karibu na uwanja wa ndege nayo imeandika. Ukisoma mpaka mwisho unakuta "baadhi ya vyumba," na vyumba hivyo, naamini, ni vya yule mgeni atakayetoa kiwiliwili chote dirishani huku mwenzake kamshika kiuno. Zile ambazo ziko chini ya mnara kweli, bei yake nilimsomea mwenye hela kwa sauti, usiku mmoja mmoja. Akanyamaza. Halafu akauliza kwa upole kama mtu akisimama chini, barabarani tu, mnara anauona. Anauona, mama. Na zile chemchemi zinazocheza muziki kwenye ziwa la pale chini unazitazama bila kulipa hata dirhamu. Sharti likafutwa.

Na bei zenyewe! Programu inakuonyesha bei ya kwanza, bei ya uchumba. Ukishakipenda chumba, umeshamwonyesha mkeo, ndipo inakuletea ya pili. Kuna kodi ya VAT asilimia 5. Kuna ushuru wa manispaa asilimia 7. Kuna malipo ya huduma asilimia 10. Huduma gani sijui, kwani chumba nilidhani ndiyo huduma yenyewe. Kisha kuna dirhamu ya utalii, inayoanzia 7 mpaka 20 kwa chumba kila usiku kufuatana na nyota za hoteli, na hiyo mara nyingi unaidaiwa kaunta ukishafika, umechoka, mabegi yako yameshashushwa. Juu yake hoteli nyingi hushika na amana, eti ukivunja kitu. Nitavunja nini nami nimesimama? Dirhamu yenyewe nisiisingizie, haichezi, dola moja ni 3.67 tangu mwaka 1997. Anayecheza ni shilingi wetu.

Katikati ya hesabu hizo simu ikaita. Shemeji Hamadi, mdogo wake Mama Nasra, yuko Deira kitambo anafanya kazi ghala. "Shemeji shikamoo. Nasikia mnatafuta hoteli. Hoteli ya nini na mimi nipo?" Mama Nasra uso ukang'aa. Damu yake hiyo, na ni bure. Mimi nikauliza swali la kiungwana: kwako ni chumba au sebule? Ni kitanda, shemeji. Kitanda ndani ya chumba ambacho wamo wanaume wengine, kila mmoja na kitanda chake na pazia lake. Jambo la kawaida huko kwa wafanyakazi, wala simcheki, kodi za Dubai ndivyo zilivyo. Na dada yako tutamlaza wapi? "Dada hana shida, kuna Mkenya mmoja jengo la pili, wanakaa wanawake watupu, atasogezewa." Mnaona? Ndiyo kwanza nampeleka mke wangu ng'ambo, nikamwage kwa Mkenya nisiyemjua, mimi nikalale nyuma ya pazia nasikiliza mkoromo wa ghala zima. Tena mwaka 2025 manispaa ya Dubai iliwakalia kooni wenye majengo yaliyokatwakatwa vyumba kwa mbao na kujaza watu. Nikamwambia kwa heshima kwamba wakala wetu wa viza anataka karatasi ya hoteli. Na kweli aliitaka. Sikuwahi kumpenda wakala namna ile.

Kila mwenye mdomo mtaani naye ana hoteli yake. Jirani yetu mzee akashauri Sharjah, eti ni hapo hapo na bei nusu. Ni hapo hapo kweli, lakini ni himaya nyingine, treni ya Dubai haifiki, na jioni barabara ya kurudi imefunga magari yamelala. Akaongeza kwamba Sharjah hakuuzwi pombe. Nikataka kujibu, Mama Nasra akanitangulia: "Hilo halimhusu." Haya, halinihusu.

Kuna mtaa mwingine unaitwa International City. Majengo yake yamepewa nchi: huku Ufaransa, kule Urusi, pale Moroko. Unaweza kulala Ugiriki ukafuata chapati Uingereza. Bei nzuri, na mlangoni kwake liko Dragon Mart, soko la bidhaa za Kichina ambalo wafanyabiashara wetu wanalitaja kwa sauti ya watu wanaotaja Makka. Mama Nasra kusikia hivyo tayari ameshika daftari. Nikamuuliza, tutatokaje humo? Maana treni haipo. Njia ya bluu ndiyo inajengwa, ahadi ni mwaka 2029. Sisi tunasafiri Julai hii.

Ndiyo, Julai. Msinitazame hivyo. Desemba kule baridi tamu na kila mzungu yuko huko, vyumba havigusiki. Julai vinashuka kwa sababu ile ile inayowafanya wenyeji wenye uwezo wasafiri: joto linavuka nyuzi 40 na usiku halipoi la maana. Basi hapo ndipo nilipoanza kuzielewa hoteli. Zinaandika "dakika 10 kwa miguu hadi kituo cha treni." Miguu ya nani, mwezi gani? Dakika kumi za Januari ni matembezi. Dakika kumi za Julai saa nane mchana, na begi la magurudumu, na mke aliyevaa baibui jeusi anakuuliza, "Bado?"

Kwa hiyo mimi mnara nimeuacha, bwawa nimeliacha (bwawa juu ya paa mwezi wa Julai ni supu), nyota nimeziacha. Nimeshika ramani ya treni. Njia nyekundu, iliyoanza mwaka 2009, inaingia mpaka uwanja wa ndege na inapita karibu na mnara kuelekea Marina. Njia ya kijani inazunguka mji wa zamani na masoko. Zinakutana kwenye vituo viwili tu, Union na BurJuman. Ukilala karibu na Union, Deira, una zote mbili, na soko la dhahabu na la viungo haliko mbali, na migahawa ya Wasomali na Waethiopia ipo kwa siku ambayo tumbo litakataa mambo ya ugenini. Chini kidogo kuna mkono wa bahari, wenyewe wanauita Creek, unavuka kwa mashua ya abra kwa dirhamu 1. Dirhamu moja! Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuitamani safari.

Treni nayo ina mambo yake. Sehemu moja ya behewa ni ya wanawake na watoto, mwanamume ukivuka mstari faini dirhamu 100. Maana yake Mama Nasra ataketi kwa raha zake na mashoga wapya, mimi nitabaki upande wa pili nimekumbatia mabegi. Na mabegi wameyawekea kipimo, kubwa moja na dogo moja kwa kila mtu. Nilimsomea mwenye daftari. Akasema tutaona huko huko.

Zikabaki hoteli chache, nikasoma maoni ya wageni. Mmoja kaipa hoteli alama mbaya kwa kuwa adhana ya alfajiri inamwamsha. Mimi dirisha langu linatazamana na spika ya msikiti, hiyo kwangu ni huduma wameniongezea bure. Mwingine kalalamika kwamba chini kuna disko mpaka saa tisa usiku. Ndugu yangu, mtu aliyelala Mbagala wiki ya kigodoro, utamtisha kwa disko lenye mlango? Wa tatu kasema chai haikuwa ya moto. Ila wa nne aliandika maneno matatu: lifti ni moja. Huyo nilimwamini. Alama zake sikumbuki, maneno yake nitakufa nayo. Ile hoteli nikaifuta.

Nimepata chumba. Dakika tatu kutoka Union, nimezipima kwa ramani kutoka mlangoni, wala si kutoka "mtaani." Lifti mbili. Kitanda kimoja kikubwa, kwa jeuri yangu yote. Kufuta ni bure mpaka siku mbili kabla. Programu ikauliza idadi ya wageni, nikaandika wawili, nikamwita Mama Nasra tubonyeze pamoja.

Akachukua simu, akavaa miwani, akafuta wawili akaandika watatu. Eti kumbe kijumbe naye anakwenda, wameshaongea, watachanga chumba ili kupunguza gharama. Mwanamke mwenzake, hakuna neno, wao watalala kitandani na mimi hoteli itanipa kile kitanda cha kukunja. Kijumbe mwenyewe alikuwa sebuleni tayari, anakunywa chai. Amenisalimia vizuri sana, akauliza kama upande wa kiyoyozi umeshapata mtu.