Anakula Bure, Analala Bure

Hoja ya mshahara wa dada wa kazi ikiguswa tu, jibu huwa liko mdomoni: "Lakini anakula bure, analala bure, hata sabuni na mafuta namnunulia mimi." Wanaosema hivyo wengi wao si wanyonyaji. Ni walimu, wauguzi, makarani. Mama ambaye siku zake 84 za likizo ya uzazi zimekwisha na mtoto hajaanza hata kukaa. Mshahara wake mwenyewe unaishia kwenye kodi, nauli na ada. Mwambie aongeze, atakujibu kwamba binti atarudi Singida au Iringa alikotoka, na huko hakuna hata hicho kidogo. Tena zipo nyumba ambazo dada ametoka na cherehani, au cheti cha ufundi cha VETA alicholipiwa na bosi wake. Hayo nayakubali.

Nisichokikubali ni hilo neno "bure".

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Tanzania Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida, yaani asiye wa balozi, mfanyabiashara mkubwa au ofisa anayestahili kupatiwa huduma hiyo, katika mistari miwili. Anayekwenda kulala kwake: shilingi 120,000 kwa mwezi. Anayelala kwa mwajiri: 60,000. Viwango vimepitiwa upya tangu hapo, lakini mistari hiyo miwili inanisumbua bado, kwa sababu inaonyesha wazi kwamba godoro na ugali vimeshakatwa. Vimegharimu nusu ya mshahara. Huwezi kumkata mtu 60,000 halafu ukamsimanga kwamba anakula bure.

Mtu atasema chumba na chakula Dar es Salaam huzidi 60,000, kwa hiyo binti amepata nafuu. Kwa hesabu ya sokoni ni kweli. Basi tuhesabu na saa. Sheria ya ajira inataka saa zisizozidi 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni kama 195. Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa chai na kuwatayarisha wanafunzi, na anaweka sufuria ya mwisho kabatini saa nne usiku. Ni saa 17. Tumpe tatu za kula na kupumzika, ingawa nyumba nyingi hazimpi. Zinabaki 14. Kwa siku 26 za kazi ni saa 364, yaani 169 zaidi ya zile za kawaida, wakati sheria hiyohiyo inaruhusu saa za ziada 50 tu kwa kila wiki nne. Zilipe zote mara moja na nusu, kama inavyotakiwa, na ile 60,000 inakuwa 138,000. Hapo godoro limeshakatwa, ugali umeshakatwa.

Ndiyo maana nasema kulala ndani ni fadhila kwa mwajiri kuliko kwa dada. Anayerudi kwake jioni ana mlango wa kufunga. Anayelala chumba kimoja na watoto anaitwa saa nane usiku mdogo akipata homa, na hakuna anayeiandika saa hiyo popote. (Sijagusa ule mtindo wa "mshahara wake namtunzia", ambao siku ya kuondoka hugeuka ugomvi wa nani alichukua nini na lini.)

Mama mwalimu naye ana haki ya kuuliza: kwa nini mzigo huu umwangukie yeye peke yake? Anayefaidika zaidi na dada wa 60,000 huenda hata hamjui. Ni mwajiri wa huyo mama, anayempata kazini saa moja na nusu asubuhi, nguo zimepigwa pasi, bila kuchangia senti kwa anayembeba mtoto. Mshahara mdogo wa ofisini unavumilika kwa sababu nyumbani kuna mdogo zaidi yake. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahoteli, kikipigania mkataba wa dada, kinagusa mnyororo mzima, na anayebanwa kwanza ni mwanamke mwingine wa kipato cha chini. Hilo linauma.

Lakini asiye na shilingi ya kuongeza bado ana saa za kupunguza. Saa mbili usiku siku ya dada iishe: simu yake mkononi, akitaka aende kwaya, akitaka alale. Jumapili iwe yake nzima, si ya kurudi mapema kupika chakula cha jioni. Nimewaambia hivi marafiki zangu, wakaniuliza mtoto akilia usiku nani ataamka. Nikawaambia: wazazi wake.