Mama alipata 85 kwa 100, na gorogoro bado linamshinda

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama Kisumu kusikiliza matokeo ya utafiti. Mnaijua mikutano hiyo: hoteli yenye upepo wa ziwa, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, soda, na nauli ndani ya bahasha ukishatia sahihi. Mama alikuwa mmoja wa wagonjwa wa kiharusi waliofuatiliwa tangu watoke wadi. Kijana mmoja mpole, tai imembana shingo, akawasha projekta akatuonyesha mstari unaopanda kama barabara ya Kisian kwenda Maseno. Wagonjwa wamepata nafuu. Ukumbi ukapiga makofi. Mama naye akapiga, mkono wa kushoto juu ya paja, maana wa kulia ulikuwa umelala pale pale alipouweka asubuhi.

Yale makofi ya mkono mmoja yamenikosesha usingizi hadi leo.

Niliomba kuona karatasi yake, nao, sitawasingizia, walinipa bila kinyongo. 85 kwa 100. Ukiiona hivyo unaweza kudhani mtoto amefaulu mtihani wa kuingia shule ya kitaifa. Kipimo chenyewe ni cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel. Kina vipengele 10 vya kuona kama mgonjwa anajimudu mwenyewe: kula, kuoga, kuvaa, choo, kutembea, ngazi na mengine ya aina hiyo. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hukijaza kwa dakika chache, hakihitaji mashine, na ndiyo maana kimeenea dunia nzima.

Sasa tuanze na choo, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka kugombana.

Choo: 10 kwa 10. Alama zote. Choo gani? Kile cha hospitali, cha kukalia, chenye ukuta karibu wa kushika na maji ya bomba. Nilikuwepo siku ya kupimwa. Mama aliingia, akakaa, akainuka, akatoka, fizio akatabasamu na kuandika. Choo chetu kiko nyuma ya migomba, na ni tundu kwenye sakafu ya udongo. Hapo hukai, unachuchumaa. Mtu ambaye mguu na mkono wa kulia vimelegea achuchumae vipi? Nitawaambia. Mjukuu wake, msichana wa gredi ya saba, husimama mbele yake amemshika mikono yote miwili, uso ameugeuzia ukutani, wamesimama kama watu wanaocheza dansi ya harusi. Mama aliyemfundisha huyo mtoto kujisitiri, leo anajisitiri kwa kuomba mtoto asiangalie.

Na usiku? Usiku mama hataki kumwamsha mtu. Kwa hiyo ameacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni. Anameza dawa za presha, moja kati yake ni ile ya kukojoza, na anajinyima maji kwa kuogopa safari ya kwenye migomba. Hilo sikulikuta katika kipengele chochote. Karatasi inasema 10. Kwa mujibu wa karatasi, suala la choo la mama lilikwisha siku ile alipotoka Kisumu.

Msiniambie kwamba kila mtu ana choo cha kukalia siku hizi. Njooni Bunyore mhesabu.

Kwa kula walimpunguzia, akapata 5, kwa kuwa hawezi kukata chakula kwa kisu bila msaada. Maelekezo ya kipimo yanataja kukata na kupaka siagi. Siagi! Ugali wa mama haujawahi kuona kisu tangu nizaliwe. Kinachomuumiza ni kwamba sasa anamega kwa kushoto, na kwenye matanga hataki kula mbele za watu. Anasema ameshiba. Huenda matanga na njaa, anarudi na njaa, na sote tunajifanya hatujaona. Yaani wamemkata alama kwa jambo asilolifanya, wakaliacha lile linalomfukuza kwenye jamaa zake.

Ngazi: 5. Nyumbani hatuna ngazi hata moja. Tuna mawe. Sisi wa Bunyore mawe ndiyo mazao yetu ya kwanza, mahindi yanafuata. Kuna na kile kipimo cha kutembea dakika 6, ambacho kwa utaratibu hufanywa kwenye ukumbi tambarare wa mita 30. Tambarare! Nitaishia hapo kuhusu kutembea.

Basi, najua mtakachoniambia wale mnaofanya kazi hizi, na baadhi yenu mmeshanitumia ujumbe. Bila namba hakuna bajeti. Bila kipimo kimoja huwezi kulinganisha Kisumu na Eldoret, sembuse Kisumu na London. Sawa. Nakubali, kwa shingo upande. Na nakubali pia kwamba mama alipotoka wadi hakuweza kugeuka kitandani, na leo anavuka boma kwa fimbo. Mstari ule wa projekta haukusema uongo. Ila ulipima safari ya kutoka kitandani hadi mlango wa wadi, kisha ukaitwa maisha.

Kulikuwa pia na hojaji ya "ubora wa maisha", ile fupi ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali 26. Mama Kiswahili anakijua cha soko, na sokoni neno ubora ni la bidhaa. Kijana alipomuuliza anaukadiria vipi ubora wa maisha yake, mama alinigeukia akanong'ona kwa Kinyore, anauliza nini huyu? Nikamwambia anauliza unaendeleaje. Akamjibu kijana, "Nashukuru Mungu."

Kijana akaweka alama kwenye 4 kati ya 5. Nzuri.

Jamani. "Nashukuru Mungu" ni adabu. Mtu wa kwetu akiwa na homa ya kumtetemesha meno, ukimsabahi atakuambia hajambo kwanza, halafu ndipo aseme "ila". Salamu kwanza, ugonjwa baadaye. Sasa kama unaondoka na ile sehemu ya kwanza, umekusanya salamu, hujakusanya hali. Inayonisikitisha zaidi ni kwamba shirika lenyewe, katika kufafanua ubora wa maisha, linasema ni namna mtu anavyojiona mahali alipo katika utamaduni na maadili anamoishi, kwa kuangalia malengo na matarajio yake. Maneno mazuri mno! Na Harare ilikuwa miongoni mwa vituo 15 vya mwanzo vilivyoshiriki kutunga maswali hayo, kwa hiyo siwezi hata kusema Waafrika tulisahaulika. Tatizo liko kwa anayeuliza huku anaangalia saa.

(Swali la 21 linahusu kuridhika na maisha ya ndoa ya chumbani. Kijana, rika la kitinda mimba wetu, alimwuliza mjane wa miaka zaidi ya sitini, mimi nikiwa nimekaa hapo. Mama akamwangalia kwa muda. "Mwanangu, mama yako anajua kwamba hii ndiyo kazi uliyopata?" Sijui aliweka alama gani hapo.)

Na bado tulikuwa na bahati. Iko hojaji nyingine maarufu, SF-36, ambayo kwa toleo lake la Kiingereza huuliza kama afya yako inakuzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Uwanja wa gofu Kisumu upo. Mama hajawahi hata kuuza omena huko.

Nimefika kwenye omena. Mama ameuza omena soko la Luanda, huku huku kwetu, tangu nikiwa tumboni. Anapima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia la sokoni, na nyongeza yake inajulikana hadi kwa watu wa Kima: anajaza, anatikisa, anarundika tena juu hadi zinaanza kuteleza, ndipo anamimina. Huyu ni mtu aliyepima maisha yake yote. Anajua tofauti ya kipimo kilichojaa na kipimo kilichopigwa ngumi kwa ndani. Katika miezi yote ya kufuatiliwa hakuna aliyemwuliza: mama, wewe unataka kurudia nini?

Na si kwamba hakuna njia. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa viungo wana kipimo ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli tatu hadi tano zinazomshinda, kisha kila moja anaipa alama kuanzia 0, yaani hawezi kabisa, hadi 10, yaani anaweza kama zamani. Ukirudi baadaye unamuuliza zile zile. Namba mtapata, msiogope, za kutosha kujaza projekta. Haitachukua nafasi ya Barthel, wala sijasema ichukue. Iwekwe kando yake.

Tuliporudi nyumbani nilichukua daftari la mjukuu nikamuuliza mimi. Hakufikiri hata kidogo. Kwenda chooni usiku peke yake. Kukaa kwenye chama bila kufungiwa kitambaa cha kichwa na mtu. Kupima gorogoro.

Choo alikipa 0. Kitambaa akakipa 3, kwa sababu siku nyingine hukifunga kwa meno na mkono mmoja na kikakaa.

Kwa la gorogoro alisema ngoja kwanza. Akaagiza aletewe, akalibana kati ya magoti, akachota omena kwa kushoto, akajaza, akatikisa. Alipojaribu kuliinua amimine, likapinduka, omena zikatapakaa hadi chini ya kabati na kuku wakaingia mbio. Akacheka hadi akakohoa.

"Andika 2," akasema. Kisha akawatazama kuku. "Hapana. Andika 1."