Jirani Yangu Mwingereza na Mvua Yake

Huu ni mwaka wa tisa naishi London, na bado sijajua jirani yangu wa ghorofa ya chini anaamini nini. Nikimuuliza habari za dini, hunijibu kwamba yeye ni wa Kanisa la Uingereza, kisha hutazama dirishani na kuniarifu kwamba mvua itanyesha. Kanisani haonekani ila siku ya Krismasi, na hata hiyo husema alifuata nyimbo.

Nikaona heri nijisomee mwenyewe. Kumbe kanisa hilo lilijitenga na Roma mwaka 1534, baada ya Papa kukataa kubatilisha ndoa ya Mfalme Henry wa Nane na mkewe Catherine. Kwetu Tanga ndoa ikivunjika watu hugombania kabati na godoro. Huyu bwana aliondoka na kanisa zima, makasisi wakiwa ndani!

Sayansi yao nayo ina mambo. Charles Darwin, aliyewakosesha maaskofu usingizi kwa kitabu chake cha mwaka 1859 kilichodai kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi, alipofariki mwaka 1882 alizikwa ndani ya kanisa la Westminster, hatua chache tu kutoka kwa kaburi la mwanasayansi mwenzake Isaac Newton. Mtaani kwetu ukibishana na imamu kuhusu kuandama kwa mwezi tu, hata harusini kwa mwanao watu watakuja wamenuna.

Falsafa ndiyo usiniulize. Jeremy Bentham, aliyefundisha kwamba jema ni lile liletalo furaha kubwa kwa watu wengi, aliacha wosia kwamba akifa asizikwe. Alifariki mwaka 1832, na mpaka leo mifupa yake, iliyovishwa nguo zake na kujazwa majani makavu, imekaa kitini ndani ya kabati la kioo katika chuo cha University College London, ikiwa na kichwa cha nta kwa sababu kile chenyewe kiliharibika wakati wa kukaushwa. Nilipomsimulia mama kwa simu, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama marehemu hakuwa na ndugu.

Nilidhani fasihi ingetupatanisha, kwa kuwa shuleni nilisoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Asubuhi moja nikasimama ngazini, nikamghania jirani maneno ya Shailoki, yule mkopeshaji wa fedha katika tamthilia hiyo, kwa Kiswahili, mikono juu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akakiri kwamba tangu amalize shule hajamgusa Shakespeare, kisha akafungua mlango, akatazama mawingu, na kuniuliza kama nimechukua mwavuli.

Nilikuwa sijauchukua.