Saruji ndiyo inayoua nyumba kongwe za Moshi

Mtu akipokea kiinua mgongo, ushauri huwa ni ule ule: fuga kuku, nunua bajaji, jenga fremu za kupangisha. Kwa anayependa ufundi na vitu vya zamani ningeongeza jambo moja: tafuta nyumba kongwe uifufue, kisha nyingine. Ni kazi ya pili yenye heshima. Ila usiiguse kabla hujaielewa chokaa.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na miji ikakua kuifuata. Nyumba za zama hizo zilizojengwa kwa mawe na chokaa zina kuta nene zinazonyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa jua likirudi. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, umeziba njia hiyo. Maji yanayopanda kutoka kwenye msingi yanabeba chumvi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Baada ya masika kadhaa utaona unga mweupe juu kidogo ya sakafu, rangi imevimba malengelenge, na ukigonga kwa kidole ukuta unalia kama mtungi mtupu. Kisha mwenye nyumba anaambiwa abandue apige saruji nene zaidi! Inaniuma kila nionapo ukuta uliofanyiwa hivyo, kwa sababu jiwe lenyewe halikuwa na kosa.

Anza na maji. Ziba bati na gata zinazovuja, halafu tazama uani: miaka ya vifusi na kufagia hupandisha udongo hadi ukafunika matundu ya hewa ya msingi. Ushushe uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita kuelekea nje. Bandua saruji taratibu, kwa nyundo ndogo na patasi, kisha uache ukuta ukauke, hata kiangazi kizima ikibidi. Wengi hushindwa hapo.

Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa usiku mzima. Ikikaa wiki kadhaa inakuwa laini kama siagi na inashika vizuri zaidi. Changanya ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkali, yaani wenye chembe za kukwaruza, uliochekechwa. Mchanga upime kwanza: tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie, tope la juu likiwa nene, uoshe. Vaa miwani na glavu, maana chokaa inaunguza macho. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10, lisizidi, maana likiwa nene linapasuka. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake kwa siku 5 au zaidi. Chokaa haikomai kwa kukauka tu. Inavuta hewa ya ukaa polepole ikiwa na unyevu, na jua la Januari likiiwahi inabaki unga unaofutika kwa kiganja.

Kwenye paa, choma kwa bisibisi ncha za kenchi zinapokalia ukuta, ndipo mchwa na maji hukutana. Ikizama kirahisi, kata sehemu iliyooza tu na uunge mbao ya aina ile ile. Usitupe boriti nzima. Paa likiwa la asbestosi, yale mabati ya zamani ya saruji yenye nyuzi zinazodhuru mapafu, usilikate wala kulivunja mwenyewe.

Kagua hati mapema, hasa katikati ya mji, kwa sababu majengo mengi yalitaifishwa mwaka 1971. Na robo ya bajeti iweke kando. Kilichojificha nyuma ya lipu hakikadiriki.

Rangi inakuja mwisho, na isiwe ya plastiki, itarudisha mfuniko ule ule uliobandua. Paka chokaa nyembamba kama maziwa, mikono 4 au 5, kila mmoja ukauke siku nzima kabla ya unaofuata.