Anzeni na Ukurasa wa Yasiyolipwa

Juma lililopita niliingizwa, bila kuulizwa, katika kundi la simu la watu wanaomchangia kijana ambaye simfahamu. Alikuwa katika mwezi wa tano wa safari aliyoipanga iwe ya mwaka mzima, akakodi skuta katika kisiwa kimoja cha Asia ya Kusini-Mashariki, akateleza kwenye kona yenye mchanga, na sasa amelazwa akiwa na mfupa wa paja uliovunjika, huku ankara ya hospitali ikipanda kila kunapokucha. Bima alikuwa nayo. Kampuni ya bima imekataa kulipa, kwa sababu leseni yake ni ya gari na si ya pikipiki.

Nilichanga, na sina neno dhidi ya kijana. Kilichonikera ni mazungumzo yaliyofuata. Watu wazima, wengine wakiwa na shahada mbili ukutani, walikubaliana kwa kauli moja kwamba funzo la mkasa huu ni kuwa bima ni wizi na kwamba mwenye akili hasafiri nayo. Mmoja alijigamba kuwa amezunguka nchi thelathini bila kuikata hata mara moja. Hongera zake. Na mimi namjua mtu aliyevuka barabara kuu akiwa amefumba macho, akafika.

Ninalotaka kusema ni jambo moja, na nimelisema mara nyingi kwa marafiki wanaojiandaa kuondoka, nao hunitazama kama mtu anayesoma masharti ya mkopo kwenye harusi. Bima ya safari ndefu hainunuliwi mwishoni. Ndiyo inayopaswa kufunguliwa kwanza, kabla ya ramani, na ndani yake kinachopaswa kusomwa kwanza ni ukurasa wa yale ambayo kampuni haitalipa. Ukurasa huo ndio unaokueleza safari uliyoiota inaruhusiwa iwe safari ya namna gani. Sisi hufanya kinyume: tunatumia wiki tatu kubishana kama shanta iwe ya lita 40 au 50, tunasoma maoni ya watu mia mbili kuhusu soksi za sufu, halafu usiku wa kuamkia safari, tukiwa tumechoka na chaji ya simu inakwisha, tunakata bima kwa dakika nne na kuweka alama kwenye kile kisanduku kinachosema kwamba tumesoma na kuelewa masharti yote. Huo ni uongo, tena uongo unaotiwa saini.

Mtego wa kwanza huwanasa hata waangalifu. Bima inayouzwa kama ya mwaka mzima, yenye safari nyingi ndani yake, haimaanishi kwamba unaweza kukaa nje mwaka mzima. Kila safari ina ukomo wake, mara nyingi siku 31, 45 au 90, na siku moja baada ya ukomo huo unakuwa mtu asiye na bima hata kama hati inaonyesha tarehe ya mwaka ujao. Anayekwenda kwa miezi kumi anahitaji bima ya safari moja ndefu, nayo ina tabia zake: nyingi hufa mara unapokanyaga nyumbani, hata kama umerudi siku tatu tu kuzika, na kampuni nyingine haziuzi kabisa kwa mtu ambaye tayari yuko njiani. Jambo hili huulizwa kabla ya kulipa, kwa sababu misiba haiombi ruhusa.

Lakini penye shimo refu zaidi ni kwenye kazi. Viza za likizo ya kazi, zile zinazotolewa na nchi kama Australia, New Zealand, Canada na Japani kwa vijana wa miaka 18 hadi 30, na kwa wenye baadhi ya pasi za kusafiria hadi 35, zimejengwa juu ya makubaliano baina ya serikali. (Orodha ya Australia haina hata nchi moja ya Afrika, jambo linalonifanya nitoe ushauri huu nikiwa nje ya uzio, nikiwaelekeza wenye pasi mbili na wale waliozaliwa upande wa pili. Hasira yangu juu ya hilo nitaitunza kwa siku nyingine.) Viza hiyo inamruhusu kijana kutalii na kufanya kazi ili agharamie utalii wake. Nchini Australia, mwenye viza ya daraja la 417 anayetaka mwaka wa pili hutakiwa awe amefanya kazi maalumu kwa siku 88, isipokuwa wenye pasi ya Uingereza, ambao wameondolewa sharti hilo tangu Julai 2024. Wengi huzipata siku hizo mashambani: kuchuma matunda, kupogoa mizabibu, kufungasha mboga. Kwa maneno mengine, sheria ya uhamiaji inampeleka kijana moja kwa moja kwenye ngazi, makasi na trekta, ilhali bima aliyoikata iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyelala kando ya bwawa la kuogelea.

Nilikutana na mmoja wao hostelini, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amechuma tufaha kwa wiki sita. Ngazi iliteleza, kiwiko cha mkono kikasalimika na kifundo kikapasuka mara mbili. Hati yake ya bima ilikuwa na picha ya kijana mwenye shanta akitazama machweo, na ndani yake, kwenye ukurasa ambao aliufungua kwa mara ya kwanza akiwa kwenye foleni ya eksirei, kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba kazi za mikono hazihusiki, na nyingine, kana kwamba ya kwanza haikutosha, iliyoondoa kazi yoyote inayofanywa juu ya mita mbili kutoka ardhini. Nilimuuliza kuhusu fidia ya waajiriwa, kwa sababu Australia inao mfumo huo katika kila jimbo, nao humhusu mwajiriwa bila kujali kwamba ni mgeni. Akacheka bila furaha. Hakuwa na mkataba wala hati ya mshahara. Dalali alikuwa akiwalipa taslimu jioni, kwa hesabu ya makreti, na siku iliyofuata ajali simu ya dalali haikupatikana tena.

Tazama jinsi mambo mawili madogo yalivyoshirikiana kumwangusha. Kama angekuwa na mkataba wa kazi, bima ya mwajiri ingembeba. Kama angeongeza kipengele cha kazi za mikono kwenye bima yake, ambacho kampuni nyingi hukiuza kwa ada ya ziada, hata dalali mtoro asingemwangamiza. Alikosa vyote viwili kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba swali la "Nitafanya kazi gani?" ni swali la bima kabla ya kuwa swali la mfukoni. Aliyepanga kuhudumia mezani na aliyepanga kuendesha mashine ya kuvunia si wasafiri wa aina moja, na asiyejua bado atafanya kazi gani anapaswa kununua ulinzi wa ile iliyo mbaya zaidi kati ya zile atakazozikubali akiishiwa fedha. Na ataishiwa. Kile kiasi ambacho serikali huomba uonyeshe benki, dola 5,000 za Australia kwa mfano, ni kipimo cha kukuruhusu mlangoni tu, na ni ajabu jinsi watu wanavyokigeuza kuwa bajeti.

Turudi kwenye skuta. Mkodishaji hakumuuliza kijana wetu leseni. Alimtaka pasi ya kusafiria, akaifungia kwenye droo kama dhamana, akampa ufunguo. (Kumwachia mtu usiyemjua pasi yako ni upuuzi unaostahili makala yake.) Wengi hudhani kwamba mwenye chombo akiridhika, sheria nayo imeridhika. Hati za bima karibu zote nilizozisoma zinasema jambo lilelile kwa maneno tofauti: utalipwa ikiwa ulikuwa na leseni halali ya chombo hicho katika nchi hiyo, ulivaa helmeti na hukuwa umelewa. Leseni ya kimataifa, ambayo watu huibeba kama hirizi, haikuongezei daraja usilokuwa nalo, kwani ni tafsiri tu ya leseni yako ya nyumbani, na ikiwa ya nyumbani haina pikipiki, tafsiri yake itatoa wapi pikipiki? Zaidi ya hapo, ile inayotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani hudumu mwaka mmoja, ilhali ile ya Mkataba wa Vienna wa 1968 huweza kufika miaka mitatu, na zipo nchi zinazoitambua moja na kuikataa nyingine. Msafiri wa miezi kumi na minane anayeondoka na ile ya kwanza atajikuta ameishiwa leseni hiyo huku theluthi moja ya njia ikiwa bado mbele yake.

Nakiri, tena kwa shingo upande, kwamba wanaoziita kampuni za bima wezi hawajakosea kabisa. Hati ya kurasa sitini iliyoandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi haikuandikwa ili isomwe. Picha ya machweo iko ukurasa wa kwanza na ngazi ya mita mbili iko ukurasa wa arobaini na moja, na mpangilio huo haukutokea kwa bahati mbaya. Mimi mwenyewe niliwahi kuibiwa begi dogo ndani ya basi la usiku, nikiwa nimeliweka kwenye rafu ya juu na kulala fofofo. Nilikwenda polisi asubuhi ileile, nikapata ripoti yenye mhuri, nikapeleka risiti ya kamera, nikajibiwa kwamba mali hiyo ilikuwa "haiangaliwi" wakati wa wizi. Nilijibu kwa barua ndefu nikiuliza kama binadamu anatarajiwa kulala macho wazi. Sikujibiwa. Miaka imepita na bado nikiikumbuka barua ile nairekebisha sentensi kichwani.

Hata hivyo kamera ni kamera. Kitu pekee kinachohalalisha gharama ya bima ya safari ndefu ni hospitali na ndege ya kukurudisha, na ndiyo maana kununua bima kwa kulinganisha fidia ya simu iliyoibiwa ni kupima nyumba kwa ubora wa kitasa. Nchi zenyewe zinalijua hilo. Eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, humtaka mwombaji wa viza awe na bima ya matibabu na ya kurudishwa nyumbani isiyopungua euro 30,000. Canada huenda mbali zaidi: kijana wa likizo ya kazi anayefika na bima ya miezi sita anaweza kupewa kibali cha miezi sita, hata kama barua yake ilimruhusu kukaa mwaka au zaidi. Nimesikia vijana wakililalamikia sharti hilo kana kwamba ni uonevu. Mimi naliona kuwa ndilo sharti la uaminifu kuliko yote, kwa sababu linatamka wazi kwamba urefu wa safari yako ni urefu wa bima yako. New Zealand nayo ina mfumo wa ACC, unaogharamia matibabu ya majeraha ya ajali hata kwa mgeni, na hapo wageni hupumua na kusahau kwamba mfumo huo haugusi ugonjwa wa kawaida. Utashonwa goti ulilokatwa na mwamba, lakini kidole tumbo ni chako.

Yaliyobaki nayataja kwa haraka. Bima nyingi huishia kwenye mwinuko wa mita 3,000 au 4,500 usipolipa nyongeza, na kambi ya chini ya Everest upande wa Nepal iko mita 5,364. Ugonjwa ulionao, utaje, hata kama unaudharau. Tukio likishajulikana hulipiwi tena: waliokata bima baada ya jivu la volkano ya Eyjafjallajökull, kule Iceland, kufunga anga la Ulaya Aprili 2010 walikuwa wamechelewa. Ukilazwa, piga ile namba ya dharura kabla ya kukubali matibabu makubwa, si baada yake.

Mimi mwenyewe nitaondoka baada ya wiki saba kwa safari ya miezi minane, na sehemu ya Mongolia nimeipanga niimalize juu ya farasi. Nimemwandikia wakala wa bima maswali kumi na mawili, nikisisitiza kwamba nataka majibu kwa maandishi, kwa kuwa maneno ya simu hayapelekwi kwenye dai. Amejibu kumi na moja kwa adabu kubwa. Kuhusu pikipiki alikuwa na jibu tayari. Kuhusu farasi aliniuliza kwanza kama nitampanda kwa burudani au kwa usafiri, nikamjibu kwamba kwa ukweli sijui, kwamba itategemea farasi. Tangu hapo kimya, na tiketi bado sijailipia.