Rodi ya Shemeji Yaenda Kuvua Peke Yake

Nahodha wetu hapa Malindi ana ulimi mkali. Mgeni akikanyaga uzi, anaambiwa. Mgeni akikalia ndoana, anaambiwa kabla hajainuka. Lakini kila mtu ana mahali pake pa kunyamaza, na pa nahodha ni kwa shemeji yake, mume wa dada yake, anayefanya kazi Nairobi na kushuka pwani kila Desemba. Boti nzima tunamwita Shemeji, na Shemeji haambiwi hapana. Ndiyo maana mimi baharia wa tezini, yaani huku nyuma ya boti, niliyeajiriwa kufunga chambo na kuosha damu, nilishuhudia mali ikiteketea asubuhi nzima huku mdomo wangu umefungwa kwa heshima za ukwe usio wangu.

Mwaka huo alikuja na mzigo. Rodi ya kaboni, yaani ufito wa kuvulia, rili yenye rangi ya dhahabu, yaani gurudumu la kukunjia uzi, na nanga. Naam, nanga: zawadi kwa nahodha, stenlesi tupu, inang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Bei za vyote tulizijua kabla ya kufika mwisho wa jeti, kwa kuwa alimtajia mbeba barafu, akamtajia muuza kahawa, akamtajia na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wake na hakuuliza kitu. Rodi na rili, laki moja na nusu. Yule mzee akainua macho, akaitazama juu hadi chini, akasema, "Mashallah. Na yenyewe inakula nini?"

Rodi ilikuwa ya kilo 15, maana yake imetengenezwa kwa uzi wa kukatika kwenye kilo 15. Ndani ya rili Shemeji alikuwa amejaza uzi wa kusuka wa kilo 37, ati ndivyo alivyoshauriwa dukani. Huo ni ugomvi uliokwisha kuanza, maana uzi ndio unaotakiwa kukatika kwanza. Ukikataa kukatika, zamu inahamia kwa rodi, au kwa tundu la rodi, lile bomba linaloisimamisha botini, au kwa mgongo wako.

Halafu breki. Breki ya rili, ile inayozuia uzi usitoke ovyo, haikazwi kwa kubahatisha. Unafunga ncha ya uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, unavuta rodi ikiwa imepinda, na unasoma. Robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi inatosha: kwa uzi wa kilo 15, kilo 4 hadi 5. Wala usiongeze samaki anapokimbia, kwa sababu uzi ukipungua kwenye gurudumu breki inakaza yenyewe. Duara la uzi likibaki nusu ya upana wake, mvuto umekuwa maradufu bila wewe kugusa kitu. Nilimtolea Shemeji mizani. Akaitazama kwa huruma, akausukuma mkono wa breki mpaka mwisho. "Nisimpe nafasi," akasema.

Kamba ya usalama nayo aliikataa. Ni kipande cha nailoni cha meta mbili, ncha moja ina kulabu ya kubana kwenye masikio ya rili, ncha ya pili inafungwa kwenye boti. Duka lolote la vifaa vya bahari litakukatia kwa bei ya sahani ya viazi karai. Alisema kulabu itakwaruza dhahabu. Kwenye kitako cha rodi kuna mkato wa msalaba unaopaswa kukaa juu ya pini iliyo ndani ya tundu, ili rodi isizunguke. Ya Shemeji ilikuwa bado imevaa kofia yake ya mpira ya dukani, na kofia hiyo haikuvuliwa, isije ikachubuka. Nikamtazama nahodha. Nahodha akatazama upeo wa bahari.

Tulitoka kabla jua halijapanda, Kaskazi ikiwa bado haijaamka. Mvua za vuli zikishanyesha, Mto Sabaki hutema tope baharini, na tope hilo halichanganyiki upesi na maji ya nje. Huacha mpaka unaoonekana wazi, huku kahawia, huku buluu, na vidagaa hujazana papo hapo mpakani. Palipo vidagaa, sulisuli, yule samaki mkubwa mwenye upanga mdomoni, hayuko mbali. Nahodha akaufuata mpaka ule upande wa maji safi, mwendo wa maili 6 za baharini kwa saa, kina pima 20, yaani kama meta 36.

Chambo kilikuwa chuchunge, samaki wadogo wembamba. Hawa hulazwa usiku kucha kwenye ndoo ya maji na chumvi ya mawe nyingi, ngozi ikaze, maana chuchunge laini akiburutwa kwa muda mfupi matumbo yako nje. Ule mdomo mrefu unauvunja, ndoana inapita kooni na kutokezea tumboni, kisha waya mwembamba wa shaba unazungushwa kichwani kuufunga mdomo. Lazima aogelee wima. Akijizungusha, kila mzunguko unaingia kwenye uzi, na jioni utakuwa na kazi ya kusuka nywele. Wakati tunavua, ndoo ile ya maji ya chumvi hukaa hapo hapo tezini, karibu na matundu ya rodi. Iweke akilini.

Sulisuli hammezi chambo mara moja. Humchapa kwanza kwa upanga wake, chambo aonekane amezimia, ndipo hurudi kumchukua. Kwa hiyo breki huachwa laini kabisa, uzi ukatoka wenyewe, ukahesabu hadi tano au zaidi, ndipo ukausogeza mkono wa breki polepole hadi pale ulipopima. Niliuona upanga ukipasua maji nyuma ya chuchunge wa Shemeji.

"Shemeji, legeza breki!"

Shemeji alikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkono mmoja na simu mkono wa pili, anajipiga picha na bahari.

Rodi ikapinda hadi ncha ikagusa maji. Ikajizungusha tunduni, rili ikatazama chini. Ikapanda kidogo, ikasita, kisha ikachomoka nzima, ikapita juu ya tezi na kuzama. Hata mlio haikutoa, maana rili iliyofungwa breki haina cha kulia.

Hesabu yake ni nyepesi. Tundu letu limeinama nyuzi 30 kutoka wima, kuelekea nyuma. Uzi ukivutwa sambamba na maji, nusu ya mvuto hufanya kazi ya kuichomoa rodi. Breki ikiwa kilo 5, kinachochomoa ni kilo 2 na nusu. Uzito wa rodi na rili, pamoja na msuguano wa tundu, vinaihimili. Ikiwa breki imefungwa na uzi hauna nia ya kukatika, samaki akitia kilo 20 tu, kumi zinachomoa. Hata pini isingeizuia kutoka, kazi yake ni kuzuia isizunguke. Kinachozuia kutoka ni ile kamba ya bei ya viazi.

Shemeji akaruka kuiwahi. Kikombe kikaenda baharini. Simu ikaenda ndani ya ndoo ya chuchunge.

Niliiopoa mimi. Nikamwambia, "Izime, tuisuuze kwa maji ya kunywa." Ndivyo inavyotakiwa: chumvi ikikaukia ndani ndiyo inayokula shaba, na umeme ukiwa unapita inaila mara nyingi zaidi. Shemeji akaibonyeza aone kama ingali hai. Ikawaka. Akanionyesha kwa furaha. Akaibonyeza tena. Ikatetemeka mkononi mwake, ikazima, na hadi leo haijawaka.

"Lahaula," akasema, "na namba ya fundi wangu imo humo."

Mbele yetu, sulisuli akaruka. Tanga lote la mgongoni limefunguka, anatikisa kichwa, na nyuma yake uzi umenyooka kuelekea chini. Hapo nahodha akachangamka. Kwa kuwa breki ilikuwa imefungwa, uzi haukuongezeka hata shubiri: meta 40 kati ya mdomo wa samaki na rodi, basi. Samaki alikuwa anaiburuta laki moja na nusu chini ya maji, anachoka, na kila akiruka anatuonyesha alipo. Ilibaki kukata njia nyuma yake na kuunasa uzi.

Nahodha alikuwa anatafuta mshipi wa mkono. Shemeji hakungoja. Alifunga nanga yake ya stenlesi kwenye kamba ndefu, akafunga mwisho wa kamba kwenye kikingi cha tezini, kile kigingi cha kufungia kamba, akairusha. "Itaikokota," akasema.

Ikakokota jiwe. Nanga zetu za matumbawe ni bomba fupi lenye vidole vinne vya nondo ya milimita 10. Ikinasa, unaivuta kwa mashine, vidole vinakunjuka, inatoka, na nyumbani unavirudisha kwa nyundo. Kama una nanga ngumu, unafunga amari, yaani kamba ya nanga, kwenye kitako chake, kisha unaibana kwenye pete ya juu kwa kifungo cha plastiki cha mafundi wa umeme. Ikigoma, kifungo kinakatika na nanga inavutwa kinyumenyume. Ya Shemeji haikunjuki. Ndiyo sifa aliyotutajia jetini. Na alikuwa ameifunga kwenye pete, kwa fundo zuri sana.

Boti iliyofungwa tezini ni jambo la kutisha. Huko ndiko ubavu ulikokatwa mfupi, huko ndiko mashine mbili zimekaa, na huko ndiko wimbi linaingia bila kubisha hodi. Kamba ikakaza, tezi ikainama, maji yakanifika vifundoni, chuchunge wawili wakaanza kuogelea upya. Nahodha akachomoa kisu.

"Samahani, Shemeji," akasema kwa adabu zote, akaikata zawadi yake.

Baada ya hapo kazi ikawa ya watu wazima. Mshipi wa mkono, chubwi la risasi la nusu kilo, na nusu meta juu ya chubwi ndoana kubwa ya ncha tatu. Unausubiri ushuke pima tano hivi, boti inapita taratibu nyuma ya samaki, unasikilizia kwa vidole. Mara ya pili kupita, mshipi ukawa mzito. Tukapandisha, na pale kwenye ndoana pakawa na uzi wa kusuka, upande mmoja unapiga, upande wa pili umelegea na mzito. Nikavaa glavu za ngozi, kwa sababu uzi ule hukata nyama hadi mfupani, nikaushika upande wa samaki bila kuuzungusha mkononi. Nahodha akavuta upande wa rodi. Ikatoka kitako mbele, kofia ya mpira bado imevaliwa vizuri kabisa.

Shemeji akaikumbatia. Na katika kuikumbatia, kifua chake kikausukuma mkono wa breki hadi mwanzo. Gurudumu likawa huru, sulisuli akakimbia, na uzi ukafumuka kwenye rili ukawa kichaka ambacho nilikuja kukikata kwa kisu. Kwa bahati upande wangu haukuponyoka.

Sulisuli alikuwa kama kilo 25. Nahodha akamshika upanga ubavuni mwa boti, akamchomeka kwenye nyama ya mgongo kile kijiti cha plastiki chenye namba, cha kumtambua akivuliwa tena, nikang'oa ndoana, tukaenda naye mwendo mdogo, kichwa mbele, maji yapite kwenye matamvua mpaka akapata nguvu ya kupiga mkia. Sulisuli aliye hai huachiwa katika boti yetu, awe wa mtalii, awe wa mkwe.

"Yaani hata samaki tunamrudisha?" Shemeji akauliza. "Nyumbani nazi zishakunwa."

Nikamweleza kuhusu rili, neno kwa neno, tukiwa bado baharini. Rili iliyozama hufunguliwa siku hiyo hiyo. Gurudumu linatoka, vyuma vinalowekwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, vinakaushwa, vinapakwa grisi ya bahari, na beringi zinatiwa tone la mafuta. Ile ambayo haikuzama hukazwa breki na kumwagiwa maji taratibu. Presha hapana, kwa sababu presha huingiza chumvi na mchanga mahali ambapo bahari yenyewe haikufika. Akaitikia kila neno.

Kesho yake aliipeleka rili kwa vijana wanaoosha magari. Waliipiga kwa mashine ya presha pande zote, pamoja na magurudumu ya gari lake, kisha wakaifuta kwa kitambaa ikang'aa kuliko siku ya kwanza. Simu aliifukia ndani ya debe la mchele wa mke wa nahodha, Pishori, kilo kadhaa. Mchele hauwezi kuitoa chumvi kwenye simu. Harufu ya chuchunge, hiyo ulipokea yote, na wali ule uliishia kwa kuku, ambao nao waliufikiria kwanza.

Kabla mwezi haujaisha akapiga simu kutoka Nairobi. Mkono wa rili haugeuki, fundi ameifungua akakuta beringi zimekuwa kutu na mchanga. Lakini hakuwa amekata tamaa. Alitaka kujua Desemba ijayo amletee nahodha nini, maana ameona nanga kubwa zaidi, ya stenlesi.

Nahodha akanyamaza muda mrefu sana, adabu za ukwe zikipigana kifuani mwake.

"Shemeji," akasema, "leta mchele. Mke wangu bado anaudai."