Sindano ya Gangnam na nauli ya kutoka Tanga

Mama mdogo wangu yuko Tanga. Ana mabaka ya kahawia mashavuni tangu alipomzaa mwanawe wa mwisho, na mwezi jana ilifika zamu yake ya kupokea mchezo: milioni sita taslimu. Usiku huohuo akanitumia sauti ya dakika nne, hata shikamoo yangu hakuingoja. "Mwanangu, nasikia huko kwenu uso wanakusafisha kwa bei ya kusuka nywele. Nifanyie mpango wa viza."

Kwenye bei hakudanganywa. Huu ni mwaka wangu wa tano Seoul, nilikuja kusoma nikaishia kuajiriwa, na bei hizo nimezilipa kwa kadi yangu mwenyewe. Leza ya kusawazisha rangi ya uso, wenyewe wanaiita toning, nimefanya kwa won 30,000, kama shilingi 50,000 na kitu. Botoksi, sindano ya kulainisha makunyanzi, iliyotengenezwa hapahapa Korea ukiivizia kwenye ofa unaipata kwa hela ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ukipanda juu ndipo pochi inapoanza kulia. Rejuran, ile sindano ya vipande vya DNA ya samaki wa salmoni, nimeiona kati ya laki moja na nusu na laki tatu za won kwa mara moja. Mashine za Kimarekani za kukaza ngozi, Ulthera na Thermage, zinafika milioni ya won na kuendelea. Hata hivyo, rafiki zangu walioko Marekani nikiwatajia bei hizi huniuliza kama nimesahau sifuri.

Urahisi huu haukushuka kutoka mbinguni. Bima ya afya ya taifa hapa ndiyo inayopanga bei ya karibu kila tiba ya ugonjwa, na inaipanga chini. Urembo uko nje ya bima, kwa hiyo daktari anajipangia. Matokeo yake vijana wanaomaliza udaktari wanagombania fani tatu, ngozi, macho na upasuaji wa urembo, hadi kuna neno la kijiweni, pi-an-seong, lililoungwa kwa silabi za mwanzo za fani hizo. Wanaokosa nafasi ya kubobea nao hawazuiwi, kwa sababu sheria inamruhusu daktari yeyote mwenye leseni kufungua kliniki ya leza. Botoksi inatengenezwa ndani, mashine nyingi pia. Basi wamejazana Gangnam, wilaya moja ya hapa Seoul, kama wauza mitumba Karume, ghorofa moja kliniki sita, na kila mmoja anamvunjia mwenzake bei.

(Ukifika, soma ubao. Aliyebobea kwenye ngozi anaruhusiwa kuandika pibugwa, yaani idara ya ngozi, ndani ya jina lenyewe la kliniki. Asiyebobea anaandika jina lake, halafu pembeni kwa herufi ndogo anaweka kwamba miongoni mwa huduma zake imo pibugwa. Mimi ilinichukua miaka miwili kuligundua hilo, na nasoma Kikorea.)

Sasa ngoja niseme nilichomwambia mama mdogo. Bei ya Gangnam ni bei ya mtu atakayerudi. Ile won 30,000 haijapangwa kwa ajili ya kazi iliyokamilika. Ni bei ya kipande kimoja kati ya kumi. Toning hufanywa kila baada ya wiki moja au mbili, mara kumi na zaidi. Rejuran ni mara tatu au nne, ukiacha wiki kadhaa katikati. Botoksi inayeyuka baada ya miezi mitatu au minne, unaanza upya. Mfanyakazi mwenzangu, Mkorea, anatoka ofisini saa sita, anapigwa leza, ananunua kimbap njiani na saa saba yuko mezani kwake. Huyo ndiye mteja waliyempigia hesabu. Mwaka 2024 wagonjwa wa kigeni waliotibiwa Korea walizidi 1,170,000, na zaidi ya nusu yao walikwenda kwenye ngozi, lakini kundi kubwa kuliko yote mwaka huo lilikuwa Wajapani. Kutoka Fukuoka hadi Seoul ni kama saa moja na nusu angani. Mjapani anakuja Ijumaa, Jumapili amelala kwake, mwezi ujao yuko hapa tena. Mama mdogo ataunga ndege Addis au Doha, nauli itakula nusu ya mchezo wake, halafu atapata kipande kimoja kati ya kumi.

Hapo sijagusa jambo kubwa, nalo ni ngozi yenyewe.

Nilifanya toning mwaka wangu wa pili. Kliniki iko ghorofa ya saba, siitaji. Unaingia, unapewa kishikwambi uchague huduma kama unaagiza chipsi. Unavua viatu, unavaa ndara za plastiki, unanawa uso mwenyewe kwenye sinki refu pamoja na wanawake wengine wanane, wote mmefungwa vitambaa vya waridi kichwani. Kisha unaitwa kwenye chumba kidogo, na anayekusubiri humo si daktari. Ni siljang, msimamizi wa ushauri, dada mwenye kucha nzuri na kikokotoo. Akanipiga picha ya uso, akaikuza kwenye skrini mpaka chunusi zangu zikawa kama mashimo ya barabara ya Mandela wakati wa masika, akanionea huruma, halafu akaanza kuhesabu. Mara moja ni bei hii. Ukilipia kumi kwa mkupuo, moja inakuwa nusu bei. Bei haijajumuisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 10. Krimu ya ganzi ina bei yake. Halafu, kwa kuwa ndiyo mara yangu ya kwanza, angeniongezea bure dripu ya baegok.

Nikamuuliza baegok ndiyo nini. Akasema ni jiwe jeupe la thamani, sindano ya glutathioni, inang'arisha. Nikamuuliza inang'arisha nini. Akaniangalia mkono, akaniangalia usoni, akatabasamu kwa adabu kabisa, akasema basi tuiache.

Sikumkasirikia. Alikuwa anasoma menyu ileile anayomsomea kila mtu. Lakini nilicheka kimoyomoyo. Kwetu ukikutwa na mkorogo wa Kariakoo watu wanakusema mtaa mzima, vidole vyako vyeusi na uso wa machungwa vinakuwa utani wa daladala. Huku hamu ileile ya kuwa mweupe inaningojea ndani ya chupa safi, mtu akiwa kavaa koti jeupe, nami nabembelezwa niichukue kama zawadi. Dripu hiyohiyo wanauziwa watu Nairobi na Dar kwa bei kubwa, na wauzaji wanalitumia jina la Korea kama muhuri wa ubora.

Nililipia mara kumi. Ndiyo, nilisoma mpaka shahada ya uzamili, na nililipia mara kumi.

Daktari alikaa nami dakika tatu. Hakuniuliza kama kidonda kwangu huacha alama nyeusi. Leza ikapita, tiki tiki tiki, harufu ya vinyweleo vinavyoungua, dakika tano tukamaliza. Wiki ya kwanza nilikuwa naitazama sura yangu kwenye vioo vya treni kwa majivuno. Wiki ya tatu shavu la kushoto likaanza kuota vidoa vyeusi, vidogo, vimepangana sawia kama mtu kanigusa kwa ncha ya kalamu. Vilichukua miezi saba kufifia.

Kilichotokea kinaeleweka vizuri. Leza ya madoa inaitafuta melanini, ile rangi ya asili iliyomo ndani ya ngozi, ndiyo shabaha yake. Kwenye ngozi nyeupe yenye doa, doa ndilo lenye melanini nyingi. Kwenye ngozi yangu melanini iko kila mahali, mashine haijui kipi ni doa na kipi ni mimi. Mwanga wenye mawimbi mafupi unaishia juujuu na kuunguza, ule wa nanomita 1064 unazama zaidi na melanini haiunyonyi sana, ndiyo maana kwetu huo ndio wenye nafuu. Lakini hata huo ukiongezwa nguvu kupita kiasi, ngozi nyeusi inajibu kwa kumwaga rangi zaidi pale ilipojeruhiwa. Ukirudiarudia bila uangalifu unaweza kupata kinyume chake, vitone vyeupe visivyorudi haraka, na vitone vyeupe juu ya shavu jeusi havifichiki. Mtu anapaswa kujaribiwa sehemu ndogo karibu na sikio, asubiri wiki kadhaa, ndipo uso uguswe. Mtalii wa siku sita hana hizo wiki. Doa litamkuta ameshafika Chumbageni, na kliniki haipokei simu za Kiswahili.

Siwalaumu madaktari wa hapa kwamba hawajui kazi. Wanaijua mno, kwa ngozi wanazoziona. Kipimo kinachotumika duniani kugawa ngozi kwa namna zinavyoungua na jua, cha Thomas Fitzpatrick wa Harvard, kilianza mwaka 1975 bila hata sisi kuwemo, madaraja ya tano na ya sita yaliongezwa baadaye. Wakorea wengi wako la tatu na la nne. Mkono uliopiga nyuso elfu kumi za daraja la tatu unakwenda wenyewe, kama mpishi wa chapati asiyetazama tena moto. Ukiletewa unga mwingine unaunguza.

Kuna kitu kimoja ambacho nakitetea waziwazi, nacho hakihusu kung'aa. Rafiki yangu wa Mombasa, tunafanya naye kazi jengo moja, alikuwa anateswa na vipele vya ndevu, vile vinavyoota baada ya kunyoa na kuacha shingo kama gunia la kokoto. Alitafuta kliniki yenye leza ya 1064 ya kuondoa nywele, akauliza kwa jina la mashine, akakataa nyingine zote. Mara sita, kila moja kwa bei ya sahani ya kuku wa kukaanga. Shingo yake leo ni laini na anavaa kola bila kujikuna. Hiyo ndiyo thamani. Ila naye anaishi hapa, alirudi mara sita.

Na mimi vidoa vyangu nilivitibu wapi? Kwa mzee mmoja mwenye kliniki juu ya duka la dawa, karibu na chuo nilikosoma. Ilibidi nimtafute, maana baadhi ya kliniki zinazojinadi kwa ngozi kule Gangnam ukiwapigia simu kwamba una upele au fangasi wanakwambia kwa upole kuwa hawatibu magonjwa. Mzee alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza chakula, hedhi, mto ninaolalia. Akasema leza basi. Akaniandikia adapalene kwa ajili ya chunusi, akasisitiza krimu ya kukinga jua kila asubuhi, mvua au theluji. Kwa sababu chunusi ni ugonjwa, bima ninayokatwa kila mwezi ilibeba sehemu kubwa, na nilichotoa mfukoni hakikufika hata nusu ya ile leza moja. Zile mara tisa zilizobaki kule ghorofa ya saba nilidai nirudishiwe. Walinirudishia baada ya kukokotoa upya ile mara moja kwa bei kamili, pamoja na tozo ya kuvunja mkataba. Nilipokea pungufu ya nilichotegemea, nikanyamaza.

Kuhusu krimu ya jua, neno moja kwa wadogo zangu mnaoagiza vipodozi vya Kikorea mtandaoni: msichukue ile inayoandikwa tone-up. Nilijipaka siku ya kwanza kazini nikaonekana kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga sembe. Chukueni isiyo na rangi, ni nzuri kweli, na bei yake haiumizi.

Yote haya nilimweleza mama mdogo kwa sauti tatu ndefu. Mabaka yake, kwa ninavyoyaona kwenye picha, ni yale yanayowatoka wanawake kutokana na ujauzito na jua, yanayorudi hata baada ya leza kwa watu wa rangi zote. Nikamwambia Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na ndipo ilipoanza kutengenezwa krimu ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kule mtu anayeangalia ngozi kama yake anaiangalia kila siku ya Mungu, hana nyingine ya kumchanganya. Nauli ni ya basi. Aondoke Tanga asubuhi, jioni yuko kwa binamu yake Majengo.

Alikaa kimya siku mbili. Nikajua nimemuudhi. Jana usiku sauti ikaingia, fupi safari hii.

"Sawa mwanangu, nimekuelewa, nitakwenda. Sasa hao wa Moshi, wapo Wakorea?"